Gari Gani Litavuta Nyumba Yetu Hadi Katavi?

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba likizo mnakwenda Katavi, usishangae akikuuliza kama ni Uganda. Serengeti kila mtu anaijua, Zanzibar watu wameshapiga picha hadi mchanga umechoka, na Mikumi ni ya kwenda asubuhi na kurudi. Katavi je? Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2012, ukamegwa kutoka Rukwa, makao makuu yakawa Mpanda. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ni kongwe kuliko mkoa: ilitangazwa mwaka 1974 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Kiangazi kikikolea unaweza kukaa saa nzima kando ya Mto Katuma, viboko wamerundikana kwenye kidimbwi kama samaki kwenye kikapu, na usione gari la mtu mwingine. Kwa wapenzi wawili wanaotaka kuwa peke yao, hebu niambie, mnataka nini zaidi?

Mimi Mpanda nilipelekwa na ndoa. Mume wangu alihamishiwa huko kikazi, mimi nikabaki Dar na mahesabu ya watu. Miaka miwili ndoa yetu ikawa ya simu: umekula, nimekula, umelala, nalala. Nikienda kumtembelea tunabanana kwenye chumba chake cha kupanga Makanyagio, nyumba yenye wapangaji wengine wanne. Ukikohoa, jirani anakujibu pole. Loji za ndani ya hifadhi ni nzuri mno, ila bei zake ni za wenye dola. Basi siku moja mwenzangu akaja na wazo: tununue tela la kulala.

"Tela? La mchanga?" nikamuuliza.

Hapana. Alimaanisha ile nyumba ndogo ya magurudumu mawili inayovutwa na gari, ambayo Waingereza wanaiita karavani. Alikuwa ameliona moja Dar, limetumika, limetoka Uingereza. Ndani kuna kitanda cha watu wawili, jiko la gesi la plati mbili, sinki, kabati na dirisha lenye pazia. Nilipochungulia nikakubali kwamba ni zuri. Tatizo ni kwamba pesa ya kulinunua ilikuwa ya kiwanja. Tumeiweka miaka minne, shilingi kwa shilingi. Na kama mnavyojua wasomaji wangu, hakuna kitu kinachoweza kuwafanya watu wawili wanaopendana wageukiane mgongo kitandani kama pesa ya kiwanja.

Nikamwambia sawa, lakini kwa sharti moja: mahesabu ya uzito nafanya mimi, na jibu litakalotoka tunalifuata wote.

ANZA NA MIZANI, SIYO NA RANGI

Wanaume wengi wanaanza na gari. Wanauliza, "Prado inavuta?" Swali hilo halina jibu mpaka ujue inavuta nini. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi tulisoma kibao cha tela: likiwa tupu, kilo 900. Halafu tukaorodhesha vitu vyetu. Maji lita 100 ni kilo 100, hapo hakuna ubishi. Mtungi wa gesi, betri, godoro, vyombo, spea, jeki, unga, mchele, kreti la soda, begi langu (ambalo mume wangu alilipima peke yake, kwa makusudi kabisa). Jumla ikafika kilo 1,180.

Sasa gari. Wakati huo alikuwa na Rav4 ya zamani yenye uzito wa kilo 1,350. Waingereza, ambao wamevuta hizi nyumba miaka mingi, wana kanuni ya kumlinda mtu asiye na uzoefu: tela likiwa na mzigo wake lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Piga hesabu mwenyewe. Asilimia 85 ya 1,350 ni 1,147. Tumezidi kilo 33, na bado hatujagusa barabara ya changarawe. Mume wangu akasema kilo 33 si kitu, ni mfuko mdogo wa saruji tu. Nikamwambia hata huo mfuko mdogo ukikusukuma kutoka nyuma kwenye mteremko, utauheshimu.

Na uzito siyo yote. Rav4, Harrier na ndugu zao wengi hawana chesi ya kujitegemea. Bodi ndiyo kila kitu. Lami tupu, tela dogo, hawana neno. Lakini kwenye barabara ya makorogesho, kile kiungio cha nyuma kinavuta, kinasukuma, kinapiga juu na chini siku nzima, na bati jembamba linaanza kupasuka pale lilipotobolewa boliti. Hardtop, Hilux, Prado na Defender za zamani zina chesi ya vyuma viwili vinavyotoka mbele hadi nyuma, na hapo ndipo kiungio kinashikwa. Nasema Defender za zamani kwa sababu ile mpya iliyoonyeshwa mwaka 2019 imeachana na chesi ya namna hiyo, ingawa na yenyewe ina nguvu ya kuvuta.

Suala la nini kivute mzigo kwenda upande huu wa nchi si geni, wala si letu. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharamia tembo wanne kutoka India. Walishushwa Msasani, hapo hapo unapokula samaki Jumapili, wakapelekwa kwa miguu hadi Karema kwenye Ziwa Tanganyika, ambako leo ni Mkoa wa Katavi. Sababu ilikuwa mbung'o: ng'ombe na farasi walikuwa wanakufa kwa kuumwa nao, wakadhani tembo atahimili. Kweli mbung'o hawakuwashinda, lakini wengi wa tembo hao walikufa kabla ya kufika, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kubebeshwa mizigo mizito na kula kidogo. Kiongozi wao, Kapteni Carter, akauawa mwaka 1880 huko Mpimbwe. Nilimsimulia mume wangu kisa hiki tukiwa kwenye foleni ya Ubungo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo Rav4 ndiyo tembo?" Nikamwambia umejijibu.

Tukauza Rav4. Tukachukua Land Cruiser Hardtop ya mtumba, yenye ule mkonga wa kuvutia hewa kwa juu. Injini yake ni ya dizeli, lita 4.2, silinda 6, haina tabo. Sitakudanganya: mlimani ni mzito, na daladala litakupita likikupigia honi. Lakini nguvu yake inatoka chini, unaondoka na mzigo bila kuunguza klachi, gia za kupunguza zipo, na gari lenyewe lina zaidi ya tani mbili, kwa hiyo tela ni karibu nusu tu ya uzito wake. Na jambo la mwisho, ambalo kwangu lilikuwa la kwanza: Mpanda spea zake zipo, na mafundi wake wanaijua hata wakiwa usingizini. Gari la kifahari ambalo sensa yake inaagizwa Dar na kuletwa kwa basi si gari la kwenda nalo porini na mke wako.

Nusu ya pesa ya kiwanja ikaondoka. Nusu ikabaki, kwa jina la wote wawili. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano, na tuliyaandika.

GOROLI NA KIKOMBE CHAKE

Hapa naomba usikilize kwa makini, hasa wewe dada ambaye unaachiwa kushika simu na chupa ya maji wakati "wanaume wanaunganisha".

Nyuma ya gari kuna goroli kubwa ya chuma. Mbele ya tela kuna kikombe kinachokaa juu yake na kufungwa kwa kitasa. Maisha yenu wote wawili, na ya mwenye bodaboda anayekuja mbele yenu, yananing'inia hapo. Hardtop yetu ilikuja na goroli tayari. Muuzaji akatuhakikishia, "Goroli zote ni sawa tu, shem." Si kweli. Za Ulaya zina kipenyo cha milimita 50. Za Kimarekani zinazotumika sana ni za inchi 2, yaani milimita 50.8. Tofauti yake haifiki hata milimita moja, jicho haliioni. Lakini kikombe cha 50 juu ya goroli ya 50.8 kinaingia kwa kulazimishwa na kitasa hakifungi sawasawa. Na ukigeuza, kikombe cha inchi 2 juu ya goroli ya 50, kinacheza, na siku moja kwenye shimo kinaruka. Fundi akapima kwa vernia. Ilikuwa 50.8. Tukabadilisha siku hiyo hiyo.

Pili, kiungio kishikwe kwenye chesi kwa boliti nene, siyo kwenye bampa. Nimeona magari mengi mjini yenye goroli iliyochomelewa kwenye bampa kama urembo. Hiyo ni ya kuning'inizia kanga, siyo ya kuvutia nyumba.

Tatu, uzito wa pua. Tela likiwa zito nyuma na jepesi mbele, ukifika kilomita 80 kwa saa linaanza kutikisa mkia, kulia, kushoto, kila mara zaidi, mpaka linaliburuza na gari. Kwa hiyo pua ya tela inatakiwa ilalie gari kiasi. Wamarekani wanasema asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela; Waingereza wanasema 5 hadi 7, kwa kuwa viungio vyao vingi vina kikomo cha karibu kilo 100. Tela letu ni la kwao, tukafuata ya kwao. Tulipima kwa mizani ya kununulia mpunga, ile ya kuning'iniza. Mara ya kwanza ikasoma kilo 40 tu. Tukahamisha maji kutoka nyuma kuja karibu na ekseli, spea ikaja mbele, ikasoma 80. Vijana waliokuwa wanatuangalia walicheka sana. Mzee mmoja aliyekuwa na mkokoteni wa ng'ombe hakucheka. "Mkokoteni ukipakia nyuma, nira inawanyonga ng'ombe," akasema. "Mnafanya vizuri wanangu." Tukamwambia asante mzee, shikamoo yetu tulikuwa tumeshampa mapema.

Mengine ni mafupi. Minyororo miwili ya usalama, ipishane kama herufi X chini ya kiungio, ili kikombe kikichomoka pua iangukie kwenye minyororo badala ya kuchimba barabara. Taa za tela ziwake zote, breki na indiketa. Na breki: tela lililozidi kilo 750 na halina breki zake lenyewe, mimi sipandi gari linalolivuta. Watengenezaji wengi wa magari wameweka kikomo hapo hapo. Letu lina breki za kujisukuma: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma kiungio chake na breki zinakamata zenyewe.

ITIGI, SAA KUMI JIONI

Dar hadi Mpanda ni karibu kilomita 1,200 ukipita Dodoma, Manyoni, Itigi na Tabora. Tuligawa siku tatu. Kanuni yetu ilikuwa kila baada ya saa mbili tunasimama, anayekaa abiria anashuka, anazunguka gari, anagusa: tairi zina joto gani, beringi za magurudumu zina joto gani, kitasa kimefunga, kila boliti imekaza.

Siku ya pili tulipanda Saranda vizuri, gia ya pili na uvumilivu. Tulipofika Itigi ilikuwa saa kumi jioni na mume wangu alikuwa na haraka ya kufika Tabora kabla ya giza. Nikashuka kugusa. Boliti ya tatu ya kiungio ikazunguka kwa vidole vyangu.

Nikamwita. Akaja, akaizungusha kwa spana robo duru, akasema imekaza, tuondoke, Tabora tutaangalia vizuri. Nikasema hapana. Boliti iliyolegea mara moja ina sababu. Akasema kijua kinazama. Nikasema kizame. Tulisimama pale, watu wazima wawili tunaongea kwa sauti ya chini ile ya hatari, kina mama wauza karanga wanatuangalia. Miaka miwili ya simu yote ikataka kutoka pale: kwamba mimi siamini lolote analofanya, kwamba yeye kila kitu ni haraka, kwamba nani alisema aombe uhamisho, kwamba nani alikataa kumfuata. Ilitoka, baadhi.

Halafu akavua shati, akalala chini ya gari. Aliyefunga ule ubao wa kiungio Dar alitumia nati za kawaida tupu, bila washa za springi, na rangi mpya aliyopiga kati ya vyuma ilikuwa imesagika na kuacha nafasi. Zote nne zilikuwa njiani kulegea. Tukalala Itigi. Asubuhi fundi akakwangua rangi, akaweka nati zenye kufuli na washa, akapiga alama ya rangi nyeupe kuvuka kila nati, ili ikigeuka hata kidogo ionekane kwa jicho. Alama hizo hadi leo zipo, na mimi nazitazama kabla ya kupaka poda.

Kutoka Tabora kwenda Mpanda nilikamata usukani mimi. Alilala mdomo wazi hadi Koga.

SITALIKE

Mpanda ni mji uliokua kwa sababu ya madini. Risasi ndiyo iliyoleta tawi la reli kutoka Kaliua, wakati wa Waingereza. Sokoni mchele wake ni mtamu, nunueni hapo. Jazeni dizeli na maji, halafu mshuke kusini kilomita kama 35 mpaka Sitalike, lango la hifadhi, daraja la Katuma na viboko wake.

Tela liachwe kambini Sitalike. Ndani ya hifadhi njia za kuangalia wanyama ni finyu, mchanga umelegea sehemu nyingi, na mvua ikinyesha ule udongo mweusi wa mbugani unakamata gurudumu kama gundi. Mje kati ya Juni na Oktoba. Na mnapochagua pa kuegesha, mwulizeni askari wa hifadhi njia ya viboko iko wapi. Usiku wanatoka mtoni kula majani, na wanarudi kwa njia ile ile. Nyumba yako ya magurudumu ikiwa imekaa katikati ya njia hiyo, kiboko hatapiga hodi.

Kurudisha tela nyuma ndiko kunakovunja ndoa, nakwambia. Njia ni hii: shika usukani kwa mkono mmoja pale chini kabisa. Unataka tela liende kushoto, peleka mkono kushoto. Kulia, kulia. Taratibu. Na anayeelekeza asimame anapoonekana kwenye kioo, atumie mikono, asipige kelele. Sisi tulichukua dakika ishirini na mbili siku ya kwanza, watazamaji wakiwepo. Siku ya tatu, nne.

Asubuhi tukaingia na Hardtop peke yake, nyepesi kama imetua mzigo wa harusi. Nguo ziwe za khaki. Mbung'o wanapenda sana bluu na nyeusi, na wanauma hadi kupitia jinzi. Nyati tuliwakuta wamejaa uwanda wa Katisunga. Upande wa Ikuu tukaona mamba wamejichimbia kwenye mapango ya kingo za mto, wanasubiri mvua, macho tu yanang'aa. Karibu na Ziwa Katavi upo mkwaju ambao wenyeji Wabende wanasema ndimo inamokaa roho ya Katabi, mwindaji aliyelipa eneo hili jina lake. Watu huacha sadaka chini yake. Mume wangu, ambaye kwa kawaida haamini kitu kisicho na risiti, aliacha sarafu. Sikumuuliza aliomba nini.

Usiku tulipika wali na dagaa kwenye plati mbili, tukafunga pazia. Viboko walikoroma hadi alfajiri, na hakuna jirani aliyesema pole. Hapo ndipo tulipoongea yale ya Itigi yaliyobaki, polepole, bila anayeangalia saa. Hatukumaliza yote. Lakini nilijua sasa kwa nini aliomba Mpanda, na yeye akajua kwa nini niliogopa kumfuata. Mambo hayo hatukuwahi kuyasema kwenye simu, hata ile ya ofa ya usiku.

Sasa tela liko Mpanda, chini ya mwembe wa mwenye nyumba, limeinuliwa kwa jeki kidogo ili tairi zisikae upande mmoja. Barua yangu ya kuomba kuhamishwa iko mezani kwa bosi. Agosti tunataka kwenda Karema, ziwani, na kabla ya hapo fundi wa Makanyagio anafungua magurudumu yote mawili kuangalia beringi na kupaka grisi mpya. Nimemwambia asianze mpaka nifike.